Regina Jonas, Mwanamke wa Kwanza Kuwa Rabi

Twajua katika Injili kwamba neno rabi maana yake ni mwalimu. Kwa Wayahudi kazi hiyo ya kufundisha Torati na kuamua mambo ya sheria ilikuwa ya wanaume tangu zamani, ingawa Debora aliwaamua Israeli. Mwanamke wa kwanza kupewa daraja ya urabi alikuwa Regina Jonas, wa mji wa Berlin, Ujerumani.

Alizaliwa mwaka 1902, binti wa mchuuzi maskini, na baba yake alikufa yeye akali mtoto. Mwaka 1924 aliingia chuo cha elimu ya Kiyahudi. Wanawake wenzake humo walitafuta ualimu tu, bali yeye alitaka urabi. Mwaka 1930 aliandika kitabu cha mtihani wake, akiuliza kama sheria yamruhusu mwanamke kuwa rabi. Hakutaka kuitupa sheria ya wazee wake. Aliichungua yenyewe, akaona kwamba kimzuiacho mwanamke ni chuki na kutozoea, wala si sheria. Lakini Eduard Baneth, mwalimu aliyemsimamia, akafa mwaka ule ule, na wengine hawakuthubutu kumpa daraja. Basi akafundisha watoto dini, akangoja. Hata tarehe 27 Desemba 1935 Rabi Max Dienemann wa Offenbach akamtahini, akamkubali.

Siku zile serikali ya Hitler ilikuwa ikiwatesa Wayahudi. Regina hakukimbia, bali aliwatazama wagonjwa na wazee, akahubiri. Novemba 1942 alipelekwa kambi ya Theresienstadt pamoja na mama yake. Huko alimsaidia tabibu Viktor Frankl, akiwalaki walioletwa kwa gari la moshi, ili wasikate tamaa. Oktoba 1944 akapelekwa Auschwitz, akauawa, umri wake miaka 42.

Wako waliomjua wakaokoka, lakini karibu hawakumtaja. Hata Sally Priesand alipofanywa rabi huko Marekani mwaka 1972, wengi walidhani ndiye wa kwanza. Mwaka 1991 tu zilionekana karatasi za Regina katika nyumba ya kumbukumbu mjini Berlin, pamoja na hati ya daraja yake.

Wauaji waliutwaa uhai wake. Jina lake lilifichwa na kimya cha rafiki. Basi, tukimjua mtu aliyetenda mema, tusingoje karatasi zimshuhudie. Tuwaambie watoto wetu tungali hai.