Mombasa hadi Tanga kwa gari: mambo ya kuzingatia

Barabara ya pwani kutoka Mombasa hupitia Likoni, Diani na mpaka wa Lunga Lunga/Horohoro hadi Tanga. Watalii wa bajeti ndogo huchangia gari, huzamia Kisite-Mpunguti karibu na Shimoni, kisha hutembelea mapango ya Amboni.

Msafirishaji anayewavusha awe na kadi ya gari, kibali cha forodha cha muda na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.

Waliozamia wasipandishwe Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, siku hiyohiyo. Mgandamizo wa hewa ukipungua, naitrojeni iliyobaki mwilini hugeuka mapovu yanayoweza kuua. Salama ni kusubiri saa 24.