Beji ya Askari na Kibati cha Mpagazi

Wakusanyaji wa kumbukumbu za vita huitafuta sana beji ya King's African Rifles, yenye alama ya baragumu. Jeshi hilo la kikoloni liliandikisha vijana wa Kenya na nchi jirani tangu mwaka 1902. Lakini katika vita vya 1914 hadi 1918, waliobeba risasi na chakula ni wapagazi wa Carrier Corps. Hao walivishwa kibati chenye namba, ili wahesabiwe, si watukuzwe. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi. Jina la kikosi chao, kwa matamshi yetu, limebaki mitaani: Kariokor mjini Nairobi, Kariakoo mjini Dar es Salaam. Anayehifadhi beji za askari peke yake, amehifadhi nusu ya historia.