The African Queen: Filamu ya Kuchekesha na Wapagazi Waliosahauliwa

The African Queen ni filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na John Huston, kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Ni hadithi ya safari, mapenzi na vichekesho inayotokea mwaka 1914 katika nchi yetu, wakati huo ikiwa koloni la Ujerumani.

Rose Sayer (Katharine Hepburn) ni dada wa mmisionari wa Kimethodisti. Charlie Allnut (Humphrey Bogart, aliyepata tuzo ya Oscar) ni nahodha wa mashua ya mvuke apendaye pombe. Wanateremka mtoni ili kuizamisha meli ya Kijerumani inayofanana na Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba ya Kigoma. Tunacheka tumbo la Charlie linaponguruma mezani, na wenyeji wake wakijifanya hawasikii. Lakini mashua inapokwama kwenye matete, Rose anasali akijua kwamba nguvu zao zimekwisha. Wakiwa wamelala, mvua inanyesha, mto unafurika, na maji yanaiinua mashua.

Hata hivyo, kuna jambo filamu hii inalipita haraka. Mwanzoni askari wanachoma kijiji na kuwaswaga watu wake. Wanakijiji hao hawarudi tena katika hadithi. Walipelekwa wapi?

Sisi wa Korogwe na Handeni tunapaswa kuliuliza swali hilo. Mnamo Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipita Korogwe na kufika Handeni, yakiwafuata Wajerumani. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi kubeba chakula na risasi. Katika Afrika Mashariki makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Tarehe 1 Agosti 1917 Papa Benedikto XV aliwasihi wakuu wa mataifa yaliyokuwa vitani waache mauaji hayo yasiyo na faida. Hawakumsikiliza.

Basi, tuitazame filamu hii pamoja na vijana wetu, na tucheke. Kisha tuwaulize wazee kama katika ukoo yupo aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Jina lake likipatikana, tumtaje katika sala zetu tarehe 2 Novemba, tunapowakumbuka Marehemu Wote.