Rose Kimotho, Kameme FM na Swali la Lugha ya Redio

Katika toleo hili tumeamua kuzungumzia mama mmoja wa Kenya ambaye jina lake halitajwi sana hapa Kigali, ingawa kazi yake inagusa jambo ambalo sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili nchini Rwanda tunaulizwa mara kwa mara: je, redio izungumze na wananchi kwa lugha ipi? Mama huyo ni Rose Kimotho, mfanyabiashara na mwanzilishi wa Kameme FM, redio binafsi ya kwanza nchini Kenya kutangaza kwa Kigikuyu.

Bi. Kimotho hakuanzia redioni. Alitokea katika fani ya matangazo ya biashara jijini Nairobi, na katika miaka ya 1990 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Regional Reach, iliyolenga kuwafikia wananchi wa vijijini na miji midogo. Tunadhani hapo ndipo penye ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Mtu aliyefunzwa na matangazo ya biashara hujiuliza kwanza: nani ananunua sabuni hii, nani ananunua majani haya ya chai, naye anazungumza lugha gani anapofika dukani? Mwanasiasa huuliza swali jingine, na mwalimu wa lugha jingine kabisa.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Hadi katikati ya miaka ya 1990 hewa ya Kenya ilikuwa mali ya shirika la serikali, KBC. Capital FM ilipoanza mwaka 1996, ilitangaza kwa Kiingereza na kuwavutia zaidi vijana na watu wa kipato wa Nairobi. Lugha za mama zilikuwapo hewani, maana KBC yenyewe ilizitangaza kwa miaka mingi, lakini kwa saa za kugawana, lugha moja ikiipisha nyingine. Hakuna aliyeziona kama soko.

Kameme FM ilianza mwaka 2000. Baada yake zikaja nyingine nyingi, hata orodha yake inachosha: Coro na Inooro kwa Kigikuyu, Ramogi kwa Kijaluo, Kass kwa Kikalenjin, Mulembe kwa Kiluhya, Musyi kwa Kikamba. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Coro ilikuwa ya KBC yenyewe. Shirika la serikali lilimfuata mwanamke mfanyabiashara sokoni.

Lakini kabla ya hapo palikuwa na mvutano. Mnamo Septemba 2000 Rais Daniel arap Moi alitangaza nia ya kupiga marufuku redio za lugha za kikabila, akidai kwamba zinaharibu umoja wa taifa, na kwamba utangazaji uwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Marufuku hiyo haikutekelezwa, na Moi aliondoka madarakani mwishoni mwa mwaka 2002.

Hapa hatuna budi kusema msimamo wetu waziwazi, kwa kuwa sisi ni idara ya Kiswahili na ingekuwa rahisi kumpigia makofi Rais Moi. Hatufanyi hivyo. Kiswahili hakipati mzungumzaji hata mmoja kwa kutumiwa kama fimbo ya kumnyamazisha bibi kizee anayesikiliza habari za mvua kwa lugha aliyozaliwa nayo. Kinachomchukiza msikilizaji ni fimbo, na punde si punde huchukia pia mti uliokatwa fimbo hiyo. Isitoshe, ni vigumu kuamini kwamba serikali iliyovumilia saa za Kigikuyu na Kijaluo ndani ya KBC ilikuwa na hofu ya lugha zenyewe. Kilichokuwa kipya ni kwamba kipaza sauti kilikuwa sasa mikononi mwa mtu mwingine.

Hata hivyo, sisi tunaoandika kutoka Kigali hatuwezi kuishia hapo. Tunajua redio ya lugha ya mama inaweza kufanya nini. RTLM, iliyoanza kutangaza mwezi wa Julai 1993, ilikuwa kampuni ya watu binafsi yenye wanahisa, na mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara tajiri, Félicien Kabuga. Ilipiga muziki uliopendwa, ilitania, ilizungumza Kinyarwanda cha mtaani wakati redio ya taifa ilizungumza kama barua ya ofisini. Watu waliifurahia. Kisha sauti hizohizo zilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mahakama ya Arusha iliwahukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, wawili kati ya waanzilishi wake, mwezi wa Desemba 2003. Kabuga alikamatwa Ufaransa mwaka 2020, na mwaka 2023 majaji wakaona afya yake haimruhusu kuendelea na kesi.

Je, basi Moi alikuwa na haki? Tumejadiliana sana juu ya swali hili, wala hatukukubaliana wote. Wengi wetu tunaona kwamba mfano wa Rwanda haumsaidii. Kinyarwanda si lugha ya kabila moja. Ndiyo lugha ya taifa zima, waliouawa na waliowaua waliizungumza sawasawa. Kama umoja wa lugha ungetosha kuzuia chuki, Rwanda ingekuwa nchi ya mwisho kuingia katika maafa yale. RTLM iliua kwa lugha inayounganisha. Swali la kuuliza ni nani mwenye kituo, nani humlipa mtangazaji, na nani ana uwezo wa kumwambia anyamaze inapobidi.

Kenya nayo ilipata somo lake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu 1,133 waliuawa, kwa hesabu ya Tume ya Waki, na ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2008 ilizinyoshea kidole redio za lugha za mama. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alipelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Kesi ilisitishwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi.

Ilikuwa ni katika majira hayohayo ya uchaguzi ambapo Bi. Kimotho aliingia katika televisheni, akaanzisha K24, kituo cha habari za saa 24 kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwetu hili ni la kuzingatiwa. Mama aliyeonekana kuwa mpinzani wa Kiswahili ndiye aliyekipa nafasi katika habari za mchana na usiku, bila kulazimishwa na amri ya mtu, kwa sababu hadhira aliyoitaka sasa ilikuwa ya nchi nzima. Kuendesha televisheni ya habari ni ghali mno, na mwaka 2009 K24 na Kameme zilipita mikononi mwa wanunuzi wanaohusishwa na familia ya Kenyatta, ambao leo kampuni yao inajulikana kama Mediamax.

Wengi wangestaafu hapo. Yeye alirudi tena na televisheni ya Kigikuyu aliyoiita 3 Stones, jina linalotukumbusha mafiga, yale ambayo wenyeji wetu hapa huyaita amashyiga. K24 na Kameme nazo zinaendelea kutangaza.