Daftari la Mlalamikaji

Hundi ikirudi kutoka benki kwa kukosa fedha, sote humkodolea macho aliyeiandika. Juma hili nawaomba tumtazame aliyeipokea, na twende India, maana Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 ilitumika hata huku kwetu, Kenya mpaka 1963 na Tanganyika mpaka 1967.

Zamani daftari la benki halikutoka kirahisi. Huko Uingereza karani alilazimika kuibeba leja yenyewe hadi mahakamani, na wateja wakangoja. Sheria ya 1879 ikaruhusu nakala iliyothibitishwa, nayo India ikafuata mwaka 1891. Shabaha ilikuwa kuyapunguzia mabenki usumbufu. Mdaiwa hakuna aliyemfikiria.

Lakini tangu tarehe 1 Aprili 1989, kulipa deni nchini India kwa hundi isiyo na fedha ni kosa la jinai. Kifungo kilikuwa hadi mwaka 1. Marekebisho ya 2002 yakakifikisha miaka 2. Tena mahakama huanza kwa kuamini kwamba hundi ilitolewa kwa deni la kweli, na ni juu ya mshtakiwa kuonyesha vinginevyo.

Aonyesheje? Akisema hakukopa, nani atamsadiki, na sahihi ni yake? Wako wakopeshaji wanaochukua hundi tupu iwe dhamana, kisha tarakimu zikajazwa baadaye. Njia moja iliyobaki ni kuuliza: huyu anayedai alinikopesha, fedha hizo alizitoa wapi? Ndipo wakili huomba benki iamriwe kuleta taarifa ya akaunti ya mlalamikaji, au yeye mwenyewe alete hesabu alizopeleka kwa watoza kodi. Ombi hilo lilipitia kifungu cha 91 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya 1973. Tangu Julai 2024 ni kifungu cha 94 cha sheria mpya. Anayetaka kupekua tu, akitumaini kuokota chochote, hukataliwa. Naona ni sawa, maana akaunti ya mtu ni siri yake.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya rupia 600,000 kutoka jimbo la Karnataka. Mahakama ya mwanzo ilikuwa imemwachia mshtakiwa, Mahakama Kuu ya jimbo ikamtia hatiani. Mlalamikaji alishindwa kueleza alikuwa na uwezo gani wa kukopesha kiasi hicho, na mshtakiwa akaachiwa. Hundi yenyewe ilikuwa ya 2012.