Vita vya meli Ziwa Nyasa 1914: Gwendolen na Hermann von Wissmann

Haya wadau, leo tuache kidogo bei ya mpunga hapa Madibira. Wengi tuliosoma historia sekondari tukisikia Vita Kuu ya Kwanza tunakumbuka Tanga na Von Lettow-Vorbeck basi. Kumbe huku kwetu kusini mizinga ililia mapema zaidi, tena majini.

Ilikuwa tarehe 13 Agosti 1914, Liuli, mkoa wa Ruvuma wa leo. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe kubwa pale ufukweni lililofanana na lile sanamu la Misri. Walikuwa na meli yao ya kijeshi, Hermann von Wissmann, kama tani 90 hivi. Waingereza wa Nyasaland (Malawi ya leo) walikuwa na Gwendolen, ya tani 350 hivi, iliyoshushwa majini mwaka 1899. Yaani karibu mara nne ya mwenzake!

Sasa sikia kituko. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, na wa Kijerumani, Berndt, walikuwa marafiki. Wakikutana ziwani wanakunywa pamoja. Uingereza ilitangaza vita tarehe 4 Agosti, Rhoades akapata taarifa na amri ya kwenda kuimaliza meli ya rafiki yake. Berndt kule Liuli hana habari yoyote, na meli yake iko nchi kavu kwenye chelezo, inatengenezwa.

Gwendolen ikatokea, ikaanza kupiga. Inasimuliwa kwamba mabomu ya mwanzo yalikosa, mengine hayakulipuka kabisa kwa uzee, mpaka moja likaipata Wissmann. Berndt akaruka kwenye mtumbwi na kupiga kasia mpaka kwa Rhoades, amefura kwa hasira, akimuuliza kama amelewa. Akaambiwa nchi zetu zina vita, na wewe ni mateka. Ndio ikawa imeisha hivyo. Gazeti la Times la London likaandika kama ushindi wa majini!

Wazungu wakisimulia hii huwa wanacheka, na kweli inachekesha. Mimi naona wanaishia pabaya. Wenzangu angalieni ramani. Ziwa lina urefu unaozidi kilomita 500, barabara za maana hakuna, reli hakuna. Mwenye meli ndiye mwenye njia. Kuanzia siku ile Mwingereza alipitisha askari na mizigo mpaka Karonga bila wasiwasi, wakati Mjerumani wa Tukuyu (Neu Langenburg wakati huo) alibaki kutembea kwa miguu. Tarehe 9 Septemba 1914 Wajerumani na askari wao walishuka kuishambulia Karonga, wakapigwa vibaya wakarudi. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza wakarudi tena Liuli, safari hii wakashusha askari nchi kavu, wakaiharibu Wissmann isije ikatengenezwa.

Halafu ndio yakatufikia sisi. Mei 1916 Jenerali Northey aliingia kutoka upande huohuo wa Nyasaland. Tukuyu ikachukuliwa mwezi huohuo, Julai wakapigana Malangali, majirani zetu wa Mufindi, na mwisho wa Agosti wakaingia Iringa. Jeshi la namna hiyo linakula. Linachukua ng'ombe na nafaka, linachukua vijana wa kubeba risasi na unga kichwani. Ziwani mzigo ulipanda meli, ila ukishatoka bandarini ulipanda kichwa cha mtu, milima yote hii mpaka juu. Kariakoo pale Dar imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi hao wa Mwingereza. Wangapi walitoka Usangu, Uhehe, Ubena na Unyakyusa?

Rhoades na Berndt majina yao tunayo mpaka leo, hata hasira za Berndt zimeandikwa. Mabaharia Waafrika waliochochea kuni za boila ndani ya Gwendolen siku ile mimi sijaona jina hata moja.

Kwa hiyo wadau, hasa wa Kyela, Ludewa, Liuli na Mbamba Bay: kama babu au bibi aliwahi kusimulia habari za meli hizi, au kwenu kuna aliyebebeshwa mzigo 1916, mwaga hapo chini kwenye maoni. Andika na kijiji.