Wastaafu Wetu wa Iringa na Mbeya

Nyumba nyingi za pwani yetu hazikosi mzee aliyepanda bara kutafuta riziki na asirudi. Watu husema bara imemmeza. Natuangalie kwanza kilichompeleka.

Iringa ya leo ilikua kwenye boma la Wajerumani, baada ya Kalenga ya Mkwawa kuvunjwa mwaka 1894. Mbeya ni mdogo wake. Ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Garimoshi halikuwako, basi shirika la reli likapeleka mabasi na malori yake. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, madereva wakabeba mafuta ya Zambia katika njia ya matope na makorongo iliyoitwa njia ya Jahanamu. Kisha ikaja TAZARA, kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Ikapita Mbeya, Iringa ikaiacha kando. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na wako waliorudi majumbani kabla ya siku zao.

Kazi hizo zilikuwa za uhamisho. Mtu alipewa nyumba ya kazi, jirani wa kazi, hata rafiki wa kazi. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, kwa lazima akifika 60. Hurudisha ufunguo, na rafiki yule alikwisha kuhamishwa zamani. Baridi ya Mbeya mwezi wa Julai haina mchezo, lakini blanketi huiweza. Ya mzee asiyebishiwa hodi haiwezi.

Nasi husema upesi: "Arudi kwao." Arudi kwa nani? Aliosoma nao chuoni wengi wamekwisha kuzikwa. Ami yangu, dereva mstaafu, tulimteremsha Tanga karibu kwa nguvu. Akawa akikaa barazani kutazama malori. Mwaka haujesha, akaomba arejeshwe Iringa, ambako majirani humwamkia "Kamwene" naye akaitikia kama mzaliwa wa huko.

Mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina alipokufa, Masahaba walimzika bila ya kumwarifu Mtume (S.A.W.), wakiona ni jambo dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, akataka aonyeshwe kaburi, akamsalia hapo.

Huko Iringa, ami akikosa Alfajiri mbili, kijana hutumwa kumgongea mlango. Tanga alikosa tano, nasi tulidhani amelala.